Nani Hukaa Barazani? Habari za Walimu na Wanafunzi katika Utawala wa Chuo Kikuu

Jioni hii nataka kuwaeleza habari za jambo ambalo kwa kulisikia tu laweza kudhaniwa ni la wakubwa wa mjini peke yao, nalo ni utawala wa vyuo vikuu: nani hukaa barazani, nani hukata shauri, na walimu na wanafunzi wana fungu gani katika shauri hilo. Sisi watu wa Omurushaka tuko kwenye njia panda. Barabara moja yatuunganisha na Kyaka na Bukoba, na nyingine yaondoka hapa, yapita Nkwenda, hata Murongo kwenye mpaka wa Uganda. Dar es Salaam ni mbali sana, na Makerere, ingawa iko katika nchi nyingine, iko karibu zaidi. Hata hivyo ziko nyumba nyingi katika Karagwe na Kyerwa zilizouza kahawa, na nyingine ng'ombe, ili mtoto apate kwenda kusoma katika mojawapo ya vyuo hivyo. Nami nimeona zaidi ya mara moja mtoto wa namna hiyo akishuka garini na sanduku lake katikati ya muhula, kwa kuwa chuo kimefungwa. Mzee wake humwuliza, “Mmefanya nini huko?” Naye hujibu, “Tuligoma, baba.” Basi mazungumzo hukoma hapo, kwa maana mzee hajui la kuuliza zaidi, na mtoto mara nyingi hajui la kujibu.

Kwa ajili ya wazee hao, na kwa wanafunzi wa shule zetu ambao siku moja watakaa katika vyuo hivyo, nitasimulia jinsi jambo lenyewe lilivyotokea.

Yafaa kwanza tujue chuo kikuu kinavyotawaliwa. Kina vyombo viwili vikubwa. Cha kwanza ni Baraza la Chuo, lenye mamlaka juu ya fedha, majengo, na kuandika watu kazi. Cha pili ni Seneti, yenye mamlaka juu ya masomo, mitihani na shahada. Chini ya Seneti ziko bodi za vitivo, na chini yake idara. Mkuu wa Chuo mara nyingi ni mtu wa heshima asiyekaa chuoni. Mwenye kuendesha kazi ya kila siku ni Makamu wake. Mtu ajuaye chama cha msingi cha kahawa hatapata taabu kufahamu mpango huu, kwa kuwa nako kuna bodi, kuna meneja, na kuna vikao. Lakini iko tofauti moja kubwa. Katika chama cha ushirika, wenye kahawa ndio wenye chama. Wao huichagua bodi, na bodi ikiharibu mambo, mkutano mkuu waweza kuiondoa. Je, chuo kikuu ni mali ya nani? Serikali hulipa, na fedha yake ni kodi ya watu ambao wengi wao hawatatia mguu humo. Mwalimu hukaa miaka thelathini, akafanya kazi yake yote hapo. Mwanafunzi hukaa miaka mitatu au minne, akapita; lakini katika miaka hiyo yeye ndiye alalaye humo, ndiye alaye chakula cha humo, na maisha yake yote yatategemea karatasi atakayopewa. Kila mmoja wa hawa ana haki ya kusema, “Chuo hiki ni changu.” Ugomvi wote nitakaousimulia watokana na neno hilo.

Wala si ugomvi wa jana. Neno la Kilatini lililozaa jina la chuo kikuu katika lugha nyingi za Ulaya ni universitas, nalo maana yake ya kwanza ni chama, yaani watu waliojiunga pamoja ili wawe kitu kimoja mbele ya sheria. Katika karne ya 12 na ya 13, mjini Bologna katika nchi ya Italia, waliojiunga walikuwa wanafunzi. Wengi wao walikuwa watu wazima waliotoka nchi za mbali kujifunza sheria, na wenyeji wa mji walikuwa wakiwatoza kodi kubwa za nyumba. Walipoona kuwa wakiwa pamoja wana nguvu, wakafanya chama, wakamchagua mkubwa wao kutoka miongoni mwao, na baada ya kuwashinda wenye nyumba wakawageukia walimu. Mwalimu wa Bologna aliapa kumtii mkubwa wa wanafunzi. Akichelewa kuanza somo, alitozwa faini. Kengele ikilia naye angali akisema, alitozwa faini. Na wasikilizaji wake wasipofika watano alihesabiwa kama mtu ambaye hakuja kazini. Hata akitaka kusafiri nje ya mji aliweka fedha, kama dhamana kwamba atarudi. Wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu nikiwasimulia habari hii hucheka sana, na nyuso zao zaonyesha kwamba wangependa kuhamia huko.

Mjini Paris mambo yalikuwa kinyume: huko waliojiunga walikuwa walimu. Katika mwaka wa 1229 wanafunzi waligombana na mwenye duka la mvinyo juu ya bei, pakawa na fujo, na askari wa mji wakawaua baadhi ya wanafunzi. Walimu walipotaka haki wasiipate, walifunga masomo wakatawanyika, wengine wakaenda miji mingine, na kwa muda wa miaka miwili Paris ikakosa chuo chake. Hata katika mwaka wa 1231 Papa Gregori wa Tisa akatoa hati ya kuwapa walimu hao ruhusa ya kujitungia kanuni zao, na ruhusa ya kusimamisha masomo iwapo watadhulumiwa. Angalieni, wasikilizaji: haki ya kujitawala na haki ya kugoma zimeandikwa katika hati moja, miaka karibu 800 iliyopita, nazo zote mbili zilitokana na damu iliyomwagika dukani.

Mpango ulioletwa kwetu Afrika ya Mashariki haukuwa wa Bologna wala wa Paris. Makerere ilianza mwaka wa 1922 kwa vijana 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo, na katika mwaka wa 1949 ilikuwa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha London. Kwa desturi ya Waingereza ya siku zile, Baraza la Chuo lilikuwa la mabwana wakubwa wa serikali na watu wa nje, na mambo ya masomo yalikuwa ya maprofesa. Mwalimu mdogo alingoja azeeke. Mwanafunzi alihesabiwa kama mtoto aliyewekwa katika ulezi. Alikuwa na chama chake cha michezo na mijadala, lakini shauri la chuo halikumhusu. Katika mwaka wa 1952 wanafunzi wa Makerere waligoma kwa sababu ya chakula. Mmoja wa viongozi wao, Abu Mayanja, alifukuzwa, akaenda kumaliza masomo Cambridge katika Uingereza, na baadaye akawa waziri katika Uganda. Watu huwacheka wanafunzi wagomao kwa ajili ya chakula, husema ni ulafi. Mimi sioni hivyo. Mtu asiyeruhusiwa kusema neno juu ya masomo, wala juu ya fedha, wala juu ya kanuni, hubaki na sahani tu mbele yake, na hasira yake yote itamwagika katika sahani hiyo.

Sasa twende Dar es Salaam, ambako nataka kukaa zaidi. Chuo cha huko kilifunguliwa Oktoba 25, 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, katika nyumba ya chama cha TANU iliyoko mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 15. Katika mwaka wa 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na katika mwaka wa 1964 kikahamia kwenye kilima ambacho watu hukiita Mlimani hata leo.

Ugomvi wake mkubwa wa kwanza haukuwa juu ya utawala wa chuo, bali juu ya Jeshi la Kujenga Taifa. Sheria mpya iliwataka wasomi watumikie taifa kwa miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo wapokee 40 tu katika kila 100 ya mshahara wao. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Chuo pamoja na wengine wa vyuo vya mjini, wamevaa majoho yao, waliandamana hata Ikulu, na baadhi yao wakabeba mabango yaliyosema kwamba wakati wa mkoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere alikasirika. Alisema kwamba hatamchukua mtu ambaye moyo wake haumo; kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa sehemu 20 katika 100, kwa maana aliona mishahara ya wakubwa ndiyo iliyowatia vijana tamaa. Wanafunzi 393 wakarudishwa kwao. Wengi waliruhusiwa kurudi chuoni mwaka uliofuata.

Tangu hapo wakubwa wa nchi walijiuliza chuo hiki chafundisha watu wa namna gani. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, ulifanyika mkutano mkubwa juu ya kazi ya Chuo katika Tanzania ya kijamaa. Walimu vijana, wengine wazalendo na wengine wageni, walitaka masomo yabadilishwe. Wanafunzi nao wakaanza chama cha kimapinduzi kilichoitwa kwa kifupi USARF, na mwenyekiti wake alikuwa kijana wa Uganda, Yoweri Museveni. Baadaye kikawa na gazeti lake lililoitwa Cheche. Waliandika kwa ukali, wakawachambua hata walimu wao. Novemba 1970 serikali ilikipiga marufuku chama hicho pamoja na gazeti lake, ikisema kwamba tawi la vijana wa TANU latosha.

Katika mwaka huo huo wa 1970 Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kiligawanywa, na tarehe 1 Julai Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikasimama peke yake kwa sheria ya Bunge. Rais mwenyewe alikuwa Mkuu wa Chuo, na ndiye aliyemteua Makamu. Makamu wa kwanza alikuwa Bwana Pius Msekwa, mtu wa Ukerewe, ambaye kabla ya hapo alikuwa Katibu Mtendaji Mkuu wa TANU. Hakuwa amekulia katika kazi ya ualimu wa chuo kikuu, nao walikuwapo Mlimani walionong'ona kwamba chama kimeletwa kuwachunga wasomi. Serikali kwa upande wake ilikuwa na jibu lisilo jepesi kulipinga: mkulima hulipa, basi mtu wa mkulima na akae kitini.

Mwaka uliofuata ndio mwaka ninaotaka tuutazame sana. Januari 25, 1971, jirani zetu wa Uganda walipinduliwa serikali yao na Idi Amin. Sisi wa mpakani hatuhitaji kukumbushwa yaliyofuata. Mwezi wa Februari TANU ikatoa maandishi yaitwayo Mwongozo. Ndani yake kulikuwa na fungu la 15, lililosema kwamba kiongozi wa Tanzania asiwe na majivuno, wala asiwadharau wala kuwaonea watu anaowaongoza. Nadhani walioandika fungu hilo walikuwa wakiyafikiria mashamba na viwanda. Lakini maandishi yakishatolewa hayachagui msomaji. Wafanyakazi wa viwandani walilisoma, wakaanza kuwapima mameneja wao kwa fungu la 15, na mahali pengine wakaweka zana chini. Na Mlimani wanafunzi walilisoma vile vile.

Rais wa chama cha wanafunzi, kilichoitwa DUSO, alikuwa Symonds Akivaga, mtu wa Kenya. Mwezi wa Julai 1971 aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Ilikuwa barua ya kulaumu: kwamba utawala wakata mashauri bila kuwasikiliza wanafunzi, na kwamba mwendo huo si mwendo wa Mwongozo. Barua ya wazi, wasikilizaji, ni jambo la aibu kwa anayeandikiwa. Ni kama mtu kumwonya mkubwa wake sokoni badala ya kumfuata nyumbani. Utawala ungeweza kujibu kwa barua nyingine, au ungeweza kumwita. Badala yake Akivaga alifukuzwa chuo, askari wa kutuliza ghasia wakaingia Mlimani, wakamchukua mbele ya wenzake, naye akarudishwa Kenya. Mwaka mmoja tu nyuma, wakati Chuo kilipokuwa cha nchi tatu, mwanafunzi wa Kenya alikuwa yuko kwake. Sasa alikuwa mgeni, na mgeni huondolewa upesi.

Wanafunzi waliacha kuingia darasani. Na hapo likatokea jambo ambalo halikutokea mwaka wa 1966: walimu wengi walikutana katika mkutano wao, wakawaunga mkono. Mwaka wa 1966 mwalimu aliweza kusema kwamba habari ya Jeshi la Kujenga Taifa yawahusu vijana. Safari hii hakuweza. Iwapo mtu aliyechaguliwa na wenzake kusema kwa ajili yao aweza kuondolewa kwa sababu amesema, basi mwalimu aketiye katika Seneti naye yu katika hatari ile ile. Walimu na wanafunzi wa Mlimani walitambua siku hiyo kwamba wamefungwa kwa kamba moja, ingawa kila siku wao hutazamana kama mwenye kusahihisha na mwenye kusahihishwa.

Baada ya mgogoro huo Chuo kilitengeneza upya kamati zake. Wanafunzi na walimu wakaongezewa nafasi katika vikao vya Chuo, nafasi ambazo mababu wa Makerere ya 1952 wasingeziota. Wala Dar es Salaam haikuwa peke yake. Miaka michache tu nyuma, baada ya fujo za mwaka wa 1968 mjini Paris, sheria ya Ufaransa ya Novemba mwaka huo iliwapa wanafunzi viti vya kuchaguliwa katika mabaraza ya vyuo; na huko Argentina, tangu mwaka wa 1918, wanafunzi wa Córdoba waligoma hata wakashirikishwa katika utawala wa chuo chao. Pote huko kiti kilipatikana baada ya mgomo. Sijapata kusoma habari ya chuo kikuu kilichowaita wanafunzi barazani kwa hiari yake, siku ya amani, bila kelele yoyote mlangoni. Jambo hili halinipendezi, kwa kuwa mimi ni mwalimu na kelele zanichosha. Lakini ndivyo historia ilivyo.

Lakini je, kupata kiti ni kupata sauti? Fikirini kikao cha watu ishirini, na mwanafunzi mmoja au wawili wamekaa pembeni. Karatasi za kikao wamepewa jana usiku. Nyingi zimeandikwa kwa lugha ya fedha na hesabu. Wakubwa wamekwisha kuzisema habari hizo katika kamati ndogo, na sasa wanakuja kuzipitisha. Mwanafunzi akinyamaza, wenzake watamwita msaliti. Akisema sana, atakumbuka kwamba mmoja wa waliokaa pale ndiye atakayesahihisha mtihani wake. Na shauri likishapita, utawala utasema, “Nanyi mlikuwapo.” Kwa njia hiyo kiti chaweza kuwa kamba ya kumfungia aliyekikalia. Katika vyama vyetu vya ushirika twaujua ugonjwa huu: mjumbe akirudi kutoka mkutano wa mjini husema mambo yote yalikwenda vizuri, na ukimwuliza ni mambo gani, hana jibu. Dawa yake wazee wetu waliijua: mjumbe arudi kwa waliomtuma, aseme alilosikia na alilosema yeye, na ikiwa hakuwatendea haki wamtume mwingine. Dawa hiyo haiwezi kufanya kazi ikiwa waliomtuma si wenye kumchagua.

Nalo ndilo lililotokea Dar es Salaam. Machi 5, 1978, wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri. Mwaka wa 1966 walikuwa wamejitetea wao wenyewe na mishahara yao. Sasa walikuwa wakisema kwamba viongozi wameliacha Azimio la Arusha. Serikali haikuona tofauti kubwa. Maandamano yalizuiwa na polisi, wanafunzi wapatao 350 wakafukuzwa, na wengi wao wakasamehewa baadaye. Kisha chama chao cha DUSO kikavunjwa. Mahali pake pakawekwa MUWATA, uliokuwa chini ya umoja wa vijana wa chama tawala. Viti vya wanafunzi katika kamati za Chuo havikuondolewa. Wanafunzi waliendelea kukaa barazani. Ila aliyekaa sasa alikuwa amepitia mlango wa chama kabla ya kupitia mlango wa wenzake, na wanafunzi hawakumhesabu kuwa mtu wao. Ukiwa na jambo la kusema nawe huna mtu wa kulipeleka, utafanya nini? Miaka iliyofuata ilileta migomo, na mwezi wa Mei 1990 Chuo kikafungwa hata mwaka uliofuata. Wapo wazazi wa mkoa huu waliokaa na watoto wao nyumbani miezi hiyo yote, wakichuma kahawa pamoja.

Walimu walikuwa wametangulia kusema. Aprili 1990 jumuiya za walimu wa vyuo vya elimu ya juu, ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iitwayo UDASA ikiwamo, zilikutana na kutoa Azimio la Dar es Salaam juu ya uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Ndani yake walitaka vyuo vijitawale, na kujitawala huko kuwe kwa njia ya watu wote wa chuo kushiriki, asiachwe mtu kwa cheo chake. Napenda hasa kwamba waliweka wajibu pamoja na uhuru. Mwalimu wa chuo kikuu adaiye uhuru wa kusema, kisha asiingie darasani wiki tatu kwa kuwa ana shughuli zake mjini, hana haki ya kushangaa wanafunzi wakikumbuka faini za Bologna. Novemba mwaka huo huo wasomi wa Afrika walikutana Kampala wakatoa azimio lao la namna hiyo. Na baada ya misukosuko ile, Mlimani palisimama chama kingine cha wanafunzi, DARUSO, nao MUWATA ukatoweka.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2005 iliweka mpango mmoja kwa vyuo vyote vya Tanzania, vya serikali na vya madhehebu ya dini na vya watu binafsi. Kila chuo kina hati idhini yake, na ile ya Dar es Salaam ni ya mwaka wa 2007. Sheria yatambua chama cha wanafunzi, na viti vya walimu na wanafunzi vimo katika vyombo vya chuo. Sheria ya Uganda ya mwaka wa 2001 nayo yawapa walimu, wafanyakazi wengine na wanafunzi viti katika baraza la chuo cha serikali. Huko Kenya, katika mwaka wa 2016, Bunge lilibadili namna ya kuwachagua viongozi wa wanafunzi. Hapo kwanza kila mwanafunzi alipiga kura yake kwa rais wa chama. Sheria mpya ilisema wachaguliwe wajumbe, na wajumbe wachague viongozi. Waliotunga sheria walitaka kupunguza fedha, ukabila na vurugu katika uchaguzi, na vitu hivyo vilikuwapo kweli kweli. Lakini wajumbe wachache ni rahisi kuwanunua, au kuwatisha, kuliko wanafunzi elfu ishirini.

Limebaki jambo moja ambalo watu huniuliza sana, nalo ni la mitihani. Je, mwanafunzi aliye mjumbe wa Seneti hukaa pale wakati alama za wenzake zinaposomwa? Katika vyuo vingi haikai hivyo. Yako mambo yaliyotengwa, kama matokeo ya mitihani na mashauri ya mwalimu fulani kupandishwa cheo au kuadhibiwa, na yakifika, mwenyekiti huwataka wanafunzi watoke. Wako wanaosema huko ni kuwadharau. Mimi naona ni sawa: hata katika baraza la wazee, mtu ambaye shauri ni la ndugu yake husogea kando. Ila mpaka huo hupenda kutembea. Leo hutengwa mtihani, kesho hutengwa karo, keshokutwa bei ya chumba, na mwanafunzi hujikuta ameketi ukumbini kwa nje muda mwingi kuliko ndani. Basi ninyi wanafunzi mtakaopata kutumwa huko, someni kwanza hati idhini ya chuo chenu mjue ni yapi yaliyotengwa. Na mwenyekiti akiwaambia mtoke, mwombeni kwa adabu asome kifungu. Kikiwapo, tokeni. Kisipokuwapo, kaeni.